Majengo ya kale ya Nairobi na wasioweza kupanda ngazi

Mbele ya Maktaba ya McMillan, Mtaa wa Banda, simba wawili wa mawe wamelala kando ya ngazi pana zinazopanda hadi kwenye nguzo nene. Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 1931, na Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Ubaguzi huo umekwisha. Ngazi zipo palepale, na anayetumia kiti cha magurudumu bado anazitazama kutoka chini.

Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia ifaayo. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006, nayo, hairuhusu jengo lililotangazwa kuwa urithi libadilishwe bila idhini. Sheria zote mbili ni njema, na zinagongana hapo ngazini.

Wahifadhi wa majengo ya kale wana hoja nzito. Kipimo cha kawaida cha rampu, yaani njia ya mteremko ya kupitisha kiti badala ya ngazi, ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kupanda, kwa hiyo ngazi za kimo cha sentimita 90 zinataka rampu ya karibu mita 11. Katikati ya Nairobi mita 11 hizo utazitoa wapi? Ama rampu itokeze hadi njia ya wapita kwa miguu, ama ikunjwe na kuziba sura ya jengo lenyewe. Na jiwe likishatobolewa, basi. Kule Athens, Ugiriki, mwaka 2020, Acropolis, kilima chenye mahekalu ya kale, iliwekewa lifti mpya na njia za saruji ili wenye ulemavu wafike juu. Njia hizo za saruji zilikosolewa vikali na wanaakiolojia, na sidhani walikuwa wanatafuta ugomvi tu.

Lakini tazama vizuizi vyenyewe kimoja kimoja. Katika makumbusho yaliyo ndani ya majengo haya, maelezo ya maonyesho yameandikwa kwa herufi ndogo na kutundikwa juu mno. Kila kitu kimefungiwa kwenye kioo, asiyeona hana cha kugusa. Kiongozi wa wageni hajui hata salamu kwa lugha ya ishara. Mlango wa choo haupitishi kiti. Breli, maandishi ya kugusa ya wasioona, haitoboi jiwe, wala mafunzo ya lugha ya ishara hayagusi nguzo. Hapa neno "jengo ni la kale" limekuwa kisingizio, na linanikera.

Halafu kuna desturi yetu ya kubebana. Mgeni akifika na kiti, askari wa mlangoni anaita vijana wawili: "Shika huku, wewe shika kule, twende!" Wanafanya kwa moyo mweupe. Anayebebwa, mtu mzima mwenye kazi na heshima zake, ananing'inia hewani ameshikilia mkoba, akiomba wasiteleze, na akitaka kutoka lazima awatafute tena. Wengi huona afadhali wasiende kabisa.

Mlango wa nyuma unaopita karibu na mapipa ya taka nao haunitoshi. Ninachokiunga mkono ni rampu ya mbao au chuma inayosimama yenyewe bila kutoboa ukuta, iwekwe mlango wa mbele ambako wengine wote wanaingilia. Ikiharibu picha za watalii kidogo, na iharibu. Siku ikipatikana njia bora itaondolewa na jiwe litabaki zima. Kwa ghorofa za juu nakubaliana na wahifadhi: pale ambapo lifti italazimisha kukata sakafu ya zamani, heri vilivyo muhimu viteremshwe chini.

Fedha ni chache, kweli, ila rampu mbovu ni hasara vilevile. Mjini kuna rampu zenye mwinuko mkali kiasi kwamba kiti kinarudi nyuma kabla ya kufika katikati. Anayekalia kiti angemwambia fundi hilo kabla saruji haijamwagwa, lakini hakuulizwa.