Vinasaba tumboni mwa buibui ni ushahidi wa nini?

Pasua pichi iliyoiva hadi kulegea, na huenda ukamkuta ndani mdudu mwembamba wa hudhurungi mwenye koleo mkiani. Mkulima akimwona hapo hatafuti shahidi mwingine. Amemfuma na kidhibiti, kilichobaki ni kupuliza dawa. Kumbe mdudu huyo ni wa zamu ya usiku. Giza likiingia hupanda matawi na kula vidukari, hata wale wenye manyoya meupe kama pamba wanaoganda kwenye magome ya mitufaha. Hasara yake tunaikuta asubuhi, ila faida yake hutokea tumelala.

Kesi za namna hii ndizo zilizowafanya watafiti wageukie vinasaba. Mdudu anakamatwa, anasagwa, kisha kipimo cha PCR, kilekile tulichokizoea wakati wa korona, kinatafuta kipande kifupi cha vinasaba vya mdudu mharibifu aliyeliwa. Aghalabu hutafutwa vile vya mitokondria, vijumba vya nishati ndani ya seli, kwa kuwa kila seli ina nakala zake nyingi, hivyo baadhi hunusurika hata chakula kikishaanza kumeng'enywa. Mwaka 2003 Paul Hebert na wenzake nchini Kanada walipendekeza sehemu ya jeni moja ya mitokondria itumike kutambulisha spishi za wanyama, na kumbukumbu zilizokusanywa tangu hapo zimeirahisisha kazi.

Hoja ya wanaoikubali njia hii ina uzito. Buibui hatafuni na kumeza vipande. Humwagia windo lake vimeng'enya, kisha akafyonza uji. Utazame tumbo lake kwa hadubini utakavyo, hutaona bawa wala mguu. Na kiwavi wa nondo wa tufaha hukaa nje kwa saa chache tu baada ya kuanguliwa, kisha hutoboa tunda na kuzama ndani. Nani atakesha chini ya mti kuona ni nani aliyemwahi?

Tatizo ni haraka ya kuhukumu. Jibu chanya linasema vinasaba vya nondo vilikuwemo tumboni, basi. Halisemi kama nondo aliliwa akiwa hai au mzoga. Halisemi kama lilikuwa yai, kiwavi au nondo mzima, maana vinasaba vyao ni vilevile. Pengine buibui alikula mdudu mwingine aliyekuwa ameshashiba vidukari, nasi tukampa buibui sifa ya mwenzake. Na akila ndugu zake wa spishi moja, kipimo cha kawaida hakitakuambia.

Linalonikera zaidi ni muda. Buibui humeng'enya polepole, na mlo wake unaweza kuonekana hata baada ya siku kadhaa, hasa kukiwa na baridi. Wapo mbawakawa ambao mlo wao hupotea upesi zaidi. Tuseme umepima buibui 100 ukapata 40 wenye vinasaba vya mharibifu, na mbawakawa 100 ukapata 20. Ukiandika kwamba buibui ni bora maradufu, umepotoka. Huenda mbawakawa ndio wanaokula zaidi, ila ushahidi wao unafutika mapema. Mpaka ujue kila mmoja anakaa na mlo wake kwa saa ngapi, namba hizo mbili hazilinganishiki.

Ukusanyaji nao una mitego yake. Ukikung'uta tawi juu ya kitambaa, wadudu wa kila aina huangukia mahali pamoja, na wakitiwa chupa moja huumana na kutapikiana. Kila mmoja anahitaji kichupa chake chenye spiriti, papo hapo, kisha ubaridi. Ni kazi ya kuchosha, nayo ndiyo rahisi kulipuliwa.

Tena kuna ushindi uliopatikana bila maabara. Mwaka 1888 Marekani ilimtuma Albert Koebele Australia kutafuta adui wa wadudu-gamba waliokuwa wakiangamiza michungwa ya California. Alipeleka mbawakawa wadogo wekundu wenye mabaka meusi, na muda si mrefu michungwa ikapona. Dawa ya wadudu ya DDT ilipoanza kutumika miaka ya 1940, mbawakawa walikufa na wadudu-gamba wakarudi kwa kishindo. Huo ndio mtihani ambao PCR haiwezi kuufanya: mharibifu anakuwaje adui yake akiondolewa? Wavu uliofungwa kwenye matawi machache, wadudu marafiki wakizuiwa nje, unaweza.

Kwa hiyo mimi ningeangalia kinachoamuliwa. Kama swali ni dawa gani ipulizwe na lini, vinasaba vya mharibifu tumboni vinanitosha kumpa mdudu ahueni. Kumzalisha kwa maelfu na kumwachia shambani ni jambo jingine. Hapo ningedai wavu, na msimu zaidi ya mmoja.

Yule mwenye koleo anaweza kupimwa vinasaba vya vidukari, na vya pichi pia. Vyote viwili vikipatikana, bado hatujui kama alitoboa tunda mwenyewe au aliingia kwenye tundu la ndege. Kwa hilo ningemfungia usiku mmoja kwenye kopo lenye tundu za hewa, pamoja na pichi isiyo na mkwaruzo.