Pikapu kubwa ya dizeli na tela zito: hesabu ianzie wapi?

Mwaka 2019 kampuni ya Ram ya Marekani ilitoa pikapu ya kwanza ya daraja lake kufikisha torki (nguvu ya kuzungusha) ya futi-paundi 1,000, yaani takribani Nm 1,356, kwa injini ya Cummins ya lita 6.7 yenye silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja. Ford ilijibu kwa Super Duty ya mwaka 2023, ambayo V8 yake ya dizeli, nayo ya lita 6.7, ilifika futi-paundi 1,200 na nguvu farasi 500, na General Motors ikaipandisha Duramax yake ya lita 6.6 hadi futi-paundi 975 na nguvu farasi 470 kwa mwaka 2024. Mashindano haya ndiyo yanayotawala mazungumzo ya wanunuzi, na kwa maoni yangu yamewapotosha wengi, kwa sababu yanajibu swali la pili kabla ya la kwanza. Swali la kwanza ni tela litakuwa na uzito gani likiwa limejaa, na ni kiasi gani cha uzito huo kitakaa juu ya pikapu yenyewe. Mnunuzi akishalijibu hilo, ndipo suala la dizeli linapata maana, na jibu lake halielekei upande mmoja.

Pikapu zinazouzwa Marekani huwa na kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva kinachotaja uzito wa juu wa watu na mizigo unaoruhusiwa kwa gari hilo mahususi, baada ya kuhesabu kila kifaa kilichofungwa kiwandani. Namba hiyo ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, ilhali ndiyo inayofikiwa mapema kuliko zote. Tuchukue tela la kilo 6,000 la aina inayofungwa ndani ya bodi, juu ya ekseli ya nyuma. Tela la aina hiyo huegemeza kwenye pikapu asilimia 15 hadi 25 ya uzito wake, hivyo tukikadiria asilimia 20 tunapata kilo 1,200. Kiungo chenyewe kina kilo 80 hivi, na watu wanne wakiwa na kilo 80 kila mmoja wanaongeza 320, ambazo jumla yake ni kilo 1,600 kabla ya sanduku la vifaa au kuni za kambini. Pikapu ya daraja la 2500 (kwa Ram na General Motors) au F-250 (kwa Ford) yenye injini ya dizeli, milango minne na uendeshaji wa magurudumu yote, mara nyingi huruhusiwa kubeba karibu kilo 1,000 tu, hata kama matangazo yake yanasema inavuta tani nane au tisa. Injini itaondoka na tela hilo bila shida yoyote, na dereva atadhani mambo ni sawa, huku springi, ekseli na tairi za nyuma zikiwa zimepitiliza kiwango chake kwa zaidi ya nusu.

Kinachoshangaza wengi ni kwamba dizeli yenyewe ni sehemu ya tatizo hili. Injini ya dizeli, pamoja na turbo yake, rejeta kubwa na mitambo ya kusafisha moshi, huongeza mamia ya paundi kwenye uzito wa gari. Katika daraja la 2500, pikapu nyingi zimepewa kikomo cha uzito wa jumla cha paundi 10,000, sawa na kilo 4,536, kwa kuwa baadhi ya sheria za Marekani za usafirishaji wa kibiashara huanza kwenye paundi 10,001. Kikomo kikishawekwa hapo, kila kilo ya injini inatolewa kwenye mzigo. Ndiyo maana pikapu ya petroli ya daraja hilohilo huweza kubeba zaidi ya pacha wake wa dizeli, ingawa inavuta kwa shida zaidi. Sioni sababu nzuri ya kununua dizeli ya daraja la 2500 kwa ajili ya tela kubwa la kukaa juu ya ekseli. Anayehitaji nguvu hiyo anahitaji pia ekseli na springi za daraja linalofuata juu, yaani 3500 au F-350, ambazo mara nyingi huongeza gharama ndogo ukilinganisha na bei ya injini. Tela la kawaida linalofungwa nyuma ya bampa ni suala tofauti, kwa kuwa huegemeza asilimia 10 hadi 15 tu, na hapo daraja la 2500 linaweza kutosha vizuri.

Uwezo wa kuvuta unaotangazwa nao unastahili kueleweka, si kudharauliwa. Zamani kila kampuni ilijipimia kwa njia yake. Siku hizi kuna kipimo cha pamoja kiitwacho SAE J2807, ambacho sehemu yake maarufu ni kupanda mlima wa Davis Dam katika jimbo la Arizona, zaidi ya kilomita 18, hali ya hewa ikiwa nyuzi joto 38 au zaidi na kiyoyozi kikiwa kimewashwa kikamilifu, bila gari kushuka chini ya mwendo uliowekwa wala kuchemsha. Ni mtihani wa kweli. Hata hivyo, unaipima pikapu isiyo na familia wala mizigo ya ziada, na mara nyingi namba kubwa kabisa hutoka kwenye modeli nyepesi kuliko zote, ambayo wanunuzi wachache huichukua.

Sasa tuje kwenye dizeli yenyewe, na tuanze na upande wake wenye nguvu. Tuseme pikapu na tela pamoja vina tani 12 na vinapanda mteremko wa asilimia 6 kwa kilomita 90 kwa saa. Kushinda mlima peke yake, bila kuhesabu upepo na ukinzani wa tairi, kunahitaji karibu kilowati 177, yaani nguvu farasi 240 kwenye magurudumu. Ukijumlisha upepo unaopiga uso wa tela refu, mahitaji kwenye injini yanakaribia nguvu farasi 400. Injini ya petroli ya Ford ya lita 7.3 ina nguvu farasi 430, hivyo kwenye karatasi inatosha. Lakini injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kimo, na barabara ya I-70 katika jimbo la Colorado hufika zaidi ya mita 3,400 kwenye handaki la Eisenhower. Hapo injini hiyo inabaki na nguvu chini ya farasi 300, nayo italazimika kushuka hadi mwendo wa kilomita 65 au 70 kwa saa, ikizunguka kwa kasi kubwa na kelele nyingi. Dizeli yenye turbo huingiziwa hewa iliyobanwa tayari, kwa hiyo hupoteza sehemu ndogo sana ya nguvu zake, na hufanya kazi ile ile injini ikizunguka taratibu. Tofauti hii haionekani katika ziara ya majaribio ya dakika kumi kuzunguka duka la magari, ila anayevuka milima kila mwezi huihisi mgongoni.

Kushuka ni muhimu zaidi kuliko kupanda, na ndiyo hoja ya dizeli ninayoipa uzito mkubwa kuliko nyingine zote. Tani 12 zikishuka mita 600 zinaachia nishati ya megajuli 70 hivi, joto la kutosha kuchemsha lita 200 za maji ya kawaida. Sehemu ya joto hilo huchukuliwa na upepo na tairi, lakini kiasi kikubwa lazima kiende mahali fulani, na kama ni breki za magurudumu pekee zinazokipokea, zinaweza kupata moto hadi zikaacha kushika. Pikapu za kisasa za dizeli zina breki ya ekzosi, ambapo mapezi ndani ya turbo hubana njia ya moshi na kuifanya injini ipingane na mteremko, hivyo dereva hushuka kwa mwendo alioupanga huku breki za magurudumu zikibaki baridi kwa dharura. Injini ya petroli nayo hupunguza mwendo ukishusha gia, lakini kwa uzito wa namna hii msaada wake ni mdogo zaidi na huja kwa mizunguko mingi.

Upande wa pili wa mizani nao si mwepesi. Kuchagua dizeli kwenye pikapu mpya za daraja hili huongeza bei kwa karibu dola 10,000. Filta za dizeli ni za ziada, oili ni nyingi zaidi kila inapobadilishwa, na kuna tangi la majimaji ya urea ya kusafishia moshi, yenye urea asilimia 32.5, ambayo huganda kwenye nyuzi joto 11 chini ya sifuri na hutumika haraka zaidi wakati wa kuvuta. Yakiisha, gari lenyewe hupunguza mwendo linaoruhusu. Kwenye bomba la moshi kuna chujio la masizi ambalo hujisafisha kwa kuyachoma, na kazi hiyo inahitaji joto la safari ndefu. Pikapu inayopelekwa ofisini kilomita tano asubuhi na jioni, au inayoachwa ikinguruma imesimama kwa saa nyingi, haifikii joto hilo, chujio linaziba, na gari iliyonunuliwa kwa sifa ya kudumu inakuwa mgeni wa kudumu gereji.

Kuna wanaotatua hilo kwa kuivua mitambo yote ya kusafisha moshi. Sikubaliani nao hata kidogo. Ni kinyume cha sheria ya hewa safi ya Marekani, na masizi yanayotoka huvutwa na watu wasiokuwa na tela wala pikapu. Sheria hiyo haiwagusi mafundi wadogo tu. Cummins yenyewe ilikubali kulipa faini ya dola bilioni 1.675, kubwa kuliko zote chini ya sheria hiyo, kuhusu programu zilizodaiwa kukwepa udhibiti wa moshi kwenye injini za pikapu za Ram za miaka ya 2013 hadi 2019.

Pampu ya dizeli ya shinikizo kubwa inahitaji kutajwa peke yake, hasa kwa anayenunua gari lililotumika. Pampu ya Bosch iitwayo CP4 ilipendwa na watengenezaji kwa ufanisi wake, lakini inapovunjika ndani inaweza kusambaza vipande vya chuma kwenye reli ya mafuta na injekta zote, na matengenezo yake yakagharimu maelfu ya dola. Mwishoni mwa mwaka 2021 Ram iliita zirudishwe kwa matengenezo pikapu zaidi ya 200,000 za miaka ya 2019 na 2020 kwa sababu yake. Mnunuzi wa gari la miaka hiyo aombe uthibitisho kwamba kazi imefanyika. Kwa gari lolote la dizeli lililotumika, kumbukumbu za kubadilisha filta zina thamani kuliko rangi inayong'aa.

Je, mafuta yanayookolewa hurudisha gharama? Tuchukulie kwamba wakati wa kuvuta pikapu ya petroli inatumia lita 30 kwa kilomita 100 na ya dizeli lita 22. Ikiwa mafuta yote yanauzwa dola moja kwa lita, zile dola 10,000 hurudi baada ya kilomita 125,000 za kuvuta. Ikiwa dizeli ni ghali kwa asilimia 15, umbali huo unapanda hadi karibu kilomita 213,000, na bado hatujalipia urea wala filta. Bei ya kuuzia baadaye hurudisha sehemu, kwa kuwa dizeli hushikilia thamani vizuri, lakini anayevuta boti mara sita kwa mwaka hadi ziwa la jirani asijidanganye kwamba anafanya uwekezaji. Kwake petroli ya daraja la 2500 au 3500 ni chaguo la busara, na nasema hivyo nikijua wengi wataona nimewanyima raha. Kwa anayevuta tani tano au zaidi kwa umbali mrefu, kwenye milima, wiki baada ya wiki, hesabu ya mafuta si hoja kuu tena. Analipia usalama wa kushuka na uchovu unaopungua, na hapo dizeli inastahili kila dola.

Kati ya chapa tatu, tofauti ni ndogo kuliko ubishi unaozizunguka. Cummins ina silinda sita na nafasi ya kutosha kwa fundi kufikia sehemu zake, na tangu mwaka 2025 imeachana na giaboksi ya gia sita na kuchukua ya gia nane. Ford ndiyo yenye nguvu nyingi zaidi. Chevrolet na GMC zina saspensheni huru ya mbele, inayotuliza safari ndefu kwenye lami, wakati wapinzani wao, kwenye modeli zinazoendeshwa kwa magurudumu yote, hutumia ekseli ngumu ya mbele, ambayo inapendwa na wanaofanya kazi kwenye njia mbovu. Uwepo wa fundi anayeijua chapa hiyo karibu na mnunuzi ungenisukuma zaidi kuliko tofauti yoyote ya torki.

Magurudumu manne nyuma yanahitaji uamuzi wa mapema zaidi. Yanaongeza utulivu kwenye upepo wa ubavuni na uwezo wa kubeba, nayo huokoa hali tairi moja ikipasuka. Kwa upande mwingine, gari linakuwa pana, maegesho yanakuwa shida, na likiwa tupu kwenye theluji hukosa uzito wa kulishikisha chini. Tela la kukaa juu ya ekseli likizidi tani sita au saba, ningeyachukua bila kusita.

Anayemiliki tela tayari alijaze maji, chakula na vifaa kama anavyosafiri, kisha alipeleke kwenye mizani ya malori, kwa sababu uzito ulioandikwa kwenye bango la muuzaji ni wa tela tupu. Asiyekuwa nalo bado atumie uzito wa juu unaoruhusiwa wa tela analolitamani, achukue asilimia 20 ya uzito huo kama ni la juu ya ekseli au 13 kama ni la bampa, ajumlishe watu wake, kisha afungue milango ya pikapu zilizopangwa uwanjani na kusoma vibandiko kimoja kimoja kabla ya kuuliza injini ipi iko ndani.