Vijana wasome dini yao, na ya jirani pia

Kengele ya kipindi cha dini inapolia, kidato cha tatu ninachokifundisha hugawanyika. Wakristo hubaki darasani wakimsubiri mwalimu wao, na Waislamu hunifuata hadi chumba cha mwisho karibu na stoo. Kipindi kikiisha hurudi kwenye madawati yao, Mkristo na Mwislamu bega kwa bega, wala hakuna anayemuuliza mwenzake amefundishwa nini.

Sitaki mgawanyo huo ufutwe. Mzazi anayetaka mwanawe aijue Kurani au Biblia vizuri ana haki hiyo, na Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inalinda uhuru wa kuabudu na kuacha uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Elimu ya Dini ya Kiislamu na Maarifa ya Biblia ni masomo halali yanayotahiniwa na Baraza la Mitihani katika kidato cha nne, na nimeona wanafunzi wakiyasoma kwa bidii ya kweli. Ninacholalamikia ni kwamba mwanafunzi anaweza kumaliza shule akiwa na alama nzuri katika dini yake, huku dini ya rafiki yake akiijua kwa uvumi wa mtaani tu.

Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianza mwanzoni mwa Machi, zikiachana kwa siku chache tu. Mwanafunzi mmoja akaniuliza, «Mwalimu, kwani Wakristo nao hufuata mwezi?» Nilimweleza kwamba sisi huanza kufunga kwa kuandama kwa mwezi, ndiyo maana Ramadhani hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kawaida, ilhali Pasaka, ambayo ndiyo inayoamua Kwaresima ianze lini, kwa Wakatoliki na Walutheri huangukia Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kuanzia Machi 21, kwa hesabu ya kanisa. Darasa zima lilinyamaza, kisha maswali yakamiminika hadi kipindi kikapita muda wake. Swali hilo lilipaswa kuulizwa mbele ya wanafunzi wote, pamoja na mwalimu wa Maarifa ya Biblia, ambaye angelijibu kwa undani kuliko mimi.

Naomba basi vipindi viwili tu kwa muhula, ambapo makundi yote mawili yatakaa pamoja na walimu wote wawili, kila mmoja akieleza imani yake mwenyewe bila kuikosoa ya mwenzake na bila kumwita yeyote aihame yake. (Wazazi waarifiwe mapema, kwa barua, maana hofu yao ni ya haki.) Jiji hili la Dar es Salaam lenyewe ni kitabu: kutoka Kanisa la Azania Front hadi mahekalu ya Wahindu ya Kisutu ni mwendo wa miguu, na misikiti ya Kariakoo haiko mbali. Mimi niko tayari kuanza na kidato changu cha tatu muhula ujao, mkuu wa shule akiridhia.