Mababu Hawakuumwa Moyo? Acheni Hizo

Jana kwenye grupu la ukoo kaka mmoja katuma tena ule ujumbe: zamani watu walikula mihogo, wakaishi miaka mia, magonjwa ya moyo yameletwa na hospitali. Chini yake amina kibao. Nimeshindwa kunyamaza.

Waliofika miaka mia ni wale waliobahatika kuvuka utoto. Bibi yangu mzaa mama alizika mtoto ambaye akitembea hatua chache anachuchumaa, anahema, midomo na kucha kama zimepakwa wino. Wakasema kapigwa jicho. Leo daktari wa watoto akisikia habari za kuchuchumaa kule, moyo ndio wa kwanza kuupima. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwepo, ndugu zangu. Kilichokosekana ni mtu wa kuutibu.

Baltimore, Marekani, watoto wa namna hiyo walikuwa wakifa mikononi mwa daktari wa watoto, Helen Taussig. Masikio yake hayasikii vizuri, akawa anasoma mapigo ya moyo kwa viganja. Shida aliijua: damu inayofika mapafuni haitoshi. Akampelekea wazo Alfred Blalock, mkuu wa upasuaji pale hospitali ya Johns Hopkins.

Hapo ndipo simulizi nyingi humshangilia Blalock na kuishia. Aliyetumwa kuitafuta njia maabara ni Vivien Thomas, Mweusi, mjukuu wa mtumwa, fundi seremala aliyedunduliza ada ya chuo mpaka benki ikafilisika nayo. Cheti cha udaktari hana. Blalock alipomwajiri kule Nashville mwaka 1930, kabla hawajahamia Baltimore, kwenye daraja la mshahara akawekwa kundi la wafagizi! Huyo mfagizi ndiye aliyepasua mbwa mmoja baada ya mwingine, hadi akaweza kuchukua mshipa unaokwenda mkononi na kuuunga na ule wa mapafu. (Naam, mbwa. Wapenda wanyama mkinuna, sibishi.)

Novemba 29, 1944, akalazwa mezani Eileen Saxon, miezi 15, uzito kilo nne hivi. Mwanangu alikaribia uzito huo siku anazaliwa. Blalock ndiye aliyeshika kisu, lakini Thomas alisimama juu ya kistuli nyuma ya bega lake akimwelekeza, maana mshono ule alikuwa ameurudia mara nyingi kuliko bosi wake. Eileen alipata nafuu, ila hakuishi sana. Mwaka uliofuata, mvulana aliyekuwa wa tatu kufanyiwa, vibanio vya mishipa vilipoachiwa tu, midomo ikaacha rangi ya wino ikawa ya waridi palepale mezani.

Bili za hospitali zinaumiza, hilo nakubali. Na wapo manesi wa kukukaripia ukiwa hoi. Lakini leo pale Muhimbili, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, watoto wetu wanafanyiwa upasuaji wa moyo, halafu mtu mzima anakaa na simu yake kutuambia turudi kwenye mihogo!

Makala ya kitabibu ya 1945 kuhusu upasuaji ule ilitoka na majina mawili, Blalock na Taussig. Thomas alikuwa akihudumia vinywaji kwenye sherehe za Blalock ili aongeze kipato, akiwamiminia madaktari, wengine wao aliwafundisha mwenyewe kushona mishipa. Mwaka 1976 Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kikamkumbuka, kikamtunuku udaktari wa heshima. Wa sheria.