Kichwa cha risasi cha kawaida na kosa la mwendo

Kiswahili kina neno moja, risasi, kwa kitu kinachotoka kwenye mtutu na kwa madini mazito ya kijivu ambayo kitu hicho kimetengenezwa nayo tangu zama za gobole. Siku hizi neno hilo limeanza kugombana na lenyewe. Kwenye vitalu vya uwindaji Tanzania wapo wanaofika na vichwa, yaani ile sehemu ya risasi inayoruka, vya shaba tupu, na ushauri unaozunguka ni kwamba kile cha kawaida, chenye kiini cha madini ya risasi ndani ya koti la shaba, kimepitwa na wakati: kinapasuka, hakifiki ndani, tena kinatia sumu kwenye nyama. Mashtaka mawili ya kwanza yana ukweli nusu nusu. La tatu lina ukweli mwingi kuliko watetezi wa kichwa cha kawaida wanavyopenda kukiri.

Tuanze na kupasuka. Kichwa cha kawaida kimeundwa kifunguke. Ncha yake laini ikigonga nyama hukunjuka kurudi nyuma mfano wa uyoga, na kichwa chenye upana wa milimita 7.8 huweza kukaribia mara mbili ya hapo. Kinachoamua kifunguke kiasi gani ni mwendo wake wakati wa kugonga. Chini ya takriban mita 550 kwa sekunde, hufunguka kidogo tu. Kati ya 600 na 800 hufanya kazi barabara. Kikizidi 850 hivi na kukutana na mfupa wa bega, koti huchanika na kiini hutawanyika kabla ya kufika kwenye mapafu.

Sasa chukua bunduki ya .30-06, saizi ya risasi ya tangu 1906. Kichwa cha greni 180, yaani gramu 11.7, hutoka kwenye mtutu kwa mwendo wa mita 820 hivi kwa sekunde. Kikifika mita 100 kimebaki na kama 750, mita 200 kama 690, mita 300 kama 630. Maana yake, umbali wote ambao mtu mwenye busara humpiga kongoni au kuro umo ndani ya mwendo ambao kichwa hicho kiliundiwa. Kipe kichwa kile kile bunduki ya .300 Winchester Magnum, saizi ya 1963 yenye nguvu zaidi, kitatoka kwa mita 900. Bunduki hiyo hununuliwa kwa ajili ya kupiga mbali. Lakini kwenye miombo, ambako mti mmoja unaficha mwingine, mnyama huonekana mita 60 au 80 tu, na kichwa humgonga kikiwa bado na karibu mwendo wake wote. Koti linakutwa tupu chini ya ngozi, kiini kimebaki vipande vipande kwenye bega, na lawama inaangukia kichwa cha risasi. Aliyechagua mwendo ule haulizwi.

Kosa hilo huongezewa jingine pale mtu anaposhuka kutoka greni 180 hadi 150 ili teke lipungue. Kichwa chepesi huenda kasi zaidi na ni kifupi zaidi. Kipimo cha uzito kwa upana wake, ambacho kikiwa kikubwa kichwa hupenya zaidi, huanguka kutoka 0.271 hadi 0.226. Kwa swala pala wa kilo 50 au 60 kinatosha. Kwa pofu dume, anayeweza kufika kilo 900, ni kumtesa bure.

Halafu ipo takwimu inayopendwa sana kwenye matangazo: asilimia ya uzito inayobaki. Kichwa cha shaba tupu hubaki na zaidi ya 95. Cha kawaida hubaki na nusu hadi theluthi mbili, na watu huisoma 60 kama alama za mtoto aliyefanya vibaya mtihani. Lakini kipimo hicho huchukuliwa kwenye kichwa kilichochomolewa kwa mnyama ambaye tayari amekufa. Uzito uliopotea uliishia ndani yake: vipande vilikata mapafu pembeni ya njia kuu, na ndiyo sababu kichwa cha kawaida, kikigonga kwa mwendo wake, mara nyingi humwangusha swala karibu na pale aliposimama. Shaba hutoboa tundu refu na jembamba. Ikipita katikati ya mbavu za mnyama mwepesi, anaweza kukimbia mita 100 au zaidi kabla ya kuanguka. Kwenye nyasi ndefu jioni umbali huo unatosha kumpoteza, na kwenye uwindaji wa kitalii mnyama aliyejeruhiwa akapotea hulipiwa kama aliyepatikana.

Shaba ina udhaifu mwingine usiotajwa dukani. Ni nyepesi kuliko madini ya risasi, gramu 8.9 kwa 11.3 kila sentimita ya ujazo, hivyo kichwa cha uzito ule ule huwa kirefu zaidi. Hula nafasi ya baruti ndani ya ganda na huhitaji mtutu ambao mifereji yake ya ndani, inayokizungusha kichwa, ina mizunguko ya karibu zaidi ili kitulie hewani. Tena ni ngumu kufunguka mwendo ukipungua.

Isitoshe, "cha kawaida" si kitu kimoja. Core-Lokt, kichwa cha kampuni ya Remington kilichotoka 1939, kilinenepesha koti ili likishike kiini. Mwaka 1948 John Nosler alianza kuuza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele hufunguka, ya nyuma huendelea kupenya. Baadaye vikaja vya kiini kilichogandishwa kwenye koti. Mwenye magnum anayewinda karibu anunue mojawapo ya hivi viwili vya mwisho, hata bei ikiuma.

Kwa nyati hesabu inabadilika. .375 ya Holland & Holland, ya 1912, hurusha greni 300 kwa mita 770 hivi kwa sekunde, kipimo cha uzito kwa upana kikiwa 0.305. Mwendo huo wa wastani ndio uliokifanya kichwa laini cha koti nene kifanye kazi miongo mingi, nyati akiwa amesimama ubavu. Akisimama kimshazari, kichwa kikalazimika kupita tumboni kwanza, hapo shaba na vya kugandishwa vinashinda bila ubishi. Ila ndani ya kundi, kichwa kinachotoka upande wa pili humjeruhi nyati wa nyuma ambaye hakuna aliyemkusudia. Jambo moja dogo kwa wenye .375: teke huzigongesha risasi zilizobaki kwenye magazini, na ncha laini hubondeka. Ncha bapa haiharibu shabaha ya mita 80, lakini angalia kama kichwa hakijasukumwa ndani ya ganda. Kikishazama, risasi hiyo iweke kando.

Limebaki la sumu, na hapa utetezi unaishiwa. Vipande vile vile vinavyokata mapafu hubaki kwenye nyama, vingine vidogo kuliko punje ya mchanga, sentimita 25 au zaidi kutoka kwenye tundu. Jicho halivioni, eksirei huviona. Tumbusi waliopimwa damu Botswana walikuwa na madini ya risasi kwa wingi zaidi msimu wa uwindaji, kwa sababu hula matumbo yanayoachwa porini. California ilipiga marufuku kabisa vichwa vya madini haya kwa uwindaji tangu Julai 1, 2019.

Anayeendelea na kichwa cha kawaida apige mbavuni nyuma ya bega, akate na kutupa nyama ya sentimita 25 au zaidi kila upande wa tundu pamoja na yote iliyovia damu, asisage nyama ya bega lililopigwa, na afukie matumbo kwa kina. Nyama ikienda kijijini, kwa watoto na wajawazito, atumie shaba. Asafishe mtutu kwanza, kisha apige upya tatu tatu kwenye shabaha ya mita 100, kwa kuwa bunduki ile ile huweza kuvitua vichwa viwili hivyo sentimita kadhaa mbalimbali.