Tuache kupika data za maabara

Mwaka wa kwanza chuoni, alasiri moja ya joto, tulikuwa watatu kwenye meza moja ya maabara ya fizikia. Tulipewa stendi ya chuma, uzi, kipira cha chuma chenye kikulabu, rula ya mita moja na stopwochi. Kazi yenyewe kila aliyesoma fizikia anaifahamu: bembeza kipira, hesabu mabembeo 20, gawa muda kwa 20, badilisha urefu wa uzi, rudia. Mwishoni unachora grafu ya muda wa bembeo moja uliozidishwa kwa wenyewe dhidi ya urefu wa uzi, na kwenye mteremko wake unatafuta g, yaani mchapuko unaotokana na mvutano wa dunia.

Grafu yetu ilikataa kupita kwenye sifuri. Nukta zote tano zilijipanga vizuri kwenye mstari mmoja, lakini ukiurefusha mstari ule kurudi nyuma, ulikata mhimili wa wima milimita chache juu ya sifuri. Fomula tuliyoikariri ilisema urefu ukiwa sifuri, muda nao ni sifuri. Basi tukaamua kwamba tumekosea. Tukaweka rula, tukaulazimisha mstari uanzie kwenye sifuri, na g ikatoka mita 9.5 kwa sekunde mraba. Mwenzetu mmoja akatoa desa, yaani ripoti ya kunakili, la mwaka uliotangulia. Tukachukua raba, tukapunguza sekunde kidogo hapa na pale, mpaka jibu likawa 9.81 ya kitabuni. Ripoti ikarudi na alama za juu.

Nilikuja kuelewa tulichokifuta nilipokuwa mwaka wa tatu. Sisi tulipima uzi kutoka juu hadi kwenye fundo, tukaishia hapo. Urefu unaohesabika kwenye bembeo unafika hadi katikati ya kipira. Kutoka fundo hadi katikati, pamoja na kile kikulabu, kulikuwa na kama sentimita 2, na hizo ndizo zilizouinua mstari juu ya sifuri. Kwa kuwa zilikosekana sawasawa kwenye kila kipimo, zisingeubadilisha mteremko wa mstari hata kidogo. Tungeuacha mstari upite unakotaka kupita, g ingetoka vizuri bila raba. Tena grafu ileile ingetuonyesha umbali kutoka fundo hadi katikati ya kipira, kitu ambacho hatukukipima kabisa! Data yetu ilikuwa nzuri. Tuliiharibu wenyewe, na tukapongezwa kwa kuiharibu.

Tangu siku ile nina msimamo mmoja, na nausema kwa kila anayefundisha au kusoma maabara ya mwaka wa kwanza: tuache kutoa alama kwa ukaribu wa jibu na namba ya kitabuni. Mwanafunzi apewe alama kwa jinsi alivyozisoma data zake mwenyewe.

Hebu tuitazame namba yenyewe. 9.81 si amri iliyoshuka kwa dunia nzima. Mvutano hupungua kadiri unavyoikaribia ikweta, kwa sababu dunia inazunguka na imevimba katikati. Paris ni takriban 9.81. Dar es Salaam ni takriban 9.78, na ukipanda Dodoma au Arusha inashuka kidogo zaidi kwa sababu ya mwinuko. Hata ile 9.80665 inayochapwa kwenye majedwali ni thamani ya makubaliano iliyopitishwa mwaka 1901, ikilenga latitudo ya nyuzi 45, mbali kabisa na kwetu. Kwa hiyo mwanafunzi wa Tanzania anayepika data ili afike 9.81 anahangaika kuukimbia ukweli wa ardhi anayoikanyaga.

Kuna mtu aliyekutana na tofauti hii na hakuifuta. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alitumwa Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na ikweta, kutazama sayari ya Mars. Alikwenda na saa ya bembeo iliyorekebishwa Paris. Huko ikawa inachelewa takriban dakika mbili na nusu kila siku, akalazimika kulifupisha bembeo lake kwa karibu milimita 3. Angeweza kusema saa imeharibika safarini. Aliandika alichokiona, na Newton alikitumia kipimo hicho katika kitabu chake cha mwaka 1687 kama ushahidi kwamba dunia si duara kamili. Ugunduzi mzima ulikaa ndani ya milimita 3, na sisi siku ile tulifuta milimita kama hizo kwa raba ya shilingi mia.

Na hatuna haja ya kwenda mbali. Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari Magamba mwaka 1963, aliweka maziwa ya moto kwenye friza akitengeneza aiskrimu, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Baadaye, akisoma shule ya Mkwawa, alimuuliza kwa nini hutokea hivyo Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, aliyekuwa amewatembelea. Wenzake wakamcheka. Osborne aliporudi alimwomba fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaja na taarifa kwamba kweli maji ya moto yaliganda kwanza, kisha akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Osborne mwenyewe aliliandika jambo hili katika makala waliyochapisha na Mpemba mwaka 1969. Wanasayansi wanabishana hadi leo kuhusu jambo hilo, na wapo waliopima upya na kusema hawalioni. Ubishi huo ni halali, maana kila upande umeleta vipimo vyake mezani. Ila maneno ya yule fundi huwa yananigusa sana, kwa sababu ndiyo niliyoyasikia kwenye meza yetu, na bado yanasemwa kwenye meza nyingi.

Nadhani lugha nayo inachangia. Sisi tunasema "makosa" ya kipimo. Kosa kwetu ni jambo la kuombea radhi. Mtoto akikosa anajificha. Mwanafunzi akiambiwa ataje makosa ya jaribio lake, anaandika kwa woga kwamba upepo wa feni ulimsumbua, wakati feni haikuwashwa. Mimi siku hizi nasema "shaka ya kipimo". Shaka si dhambi. Kidole gumba hakibonyezi stopwochi papo kwa papo. Kinapishana na ukweli kwa sehemu moja au mbili za kumi za sekunde. Ukihesabu mabembeo 20 ya uzi wa mita moja, ni sekunde 40, na shaka hiyo ya kidole peke yake inaifanya g yako iyumbe kwa kama 0.1. Basi jibu la haki ni 9.8, zaidi au pungufu 0.1. Huwezi kudai umeitofautisha 9.78 na 9.81. Lakini hesabu mabembeo 100, shaka inashuka hadi 0.02, na hapo mtu wa Dar es Salaam anaanza kuuona mvutano wa kwao.

Mabembeo 100 yanahitaji muda, na muda ndio usiokuwepo. Sisi tulikuwa na jaribio jipya kila wiki na ripoti kila wiki, vifaa vichache, foleni ya kusubiri mizani. Katika hali hiyo desa linakuwa njia ya kuvuka muhula. Siwalaumu wanafunzi. Ningekuwa na uamuzi, ningepunguza majaribio hadi manne au matano kwa muhula, kila moja lichukue wiki mbili: ya kwanza kupima, ya pili kurudi kuuliza kwa nini grafu imekaa ilivyokaa. Namba zote ziandikwe kwa kalamu ya wino, fundi wa maabara azisaini kabla hamjatoka. Na jibu la kitabuni lisitajwe kwenye karatasi ya maelekezo.

Sasa nafundisha kidato cha tano. Maabara yetu ni ndogo, lakini kwa bembeo sihitaji zaidi ya misumari, uzi wa nailoni na nati za baiskeli. Muhula uliopita kundi moja lilikuja na grafu yao, mstari umenyooka, umekata juu ya sifuri. Binti mmoja alikuwa ameshika raba.

"Madamu, tumekosea wapi?"

"Weka raba chini kwanza. Mlipima uzi mpaka wapi?"

Akatazamana na wenzake. Kisha akachukua rula, akarudi kwenye msumari, akainama mpaka jicho lake likalingana na ile nati.