1698: Mombasa Ilikombolewa au Ilibadilishiwa Bwana?

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Desemba 1698, baada ya mzingiro wa miezi 33, askari wa Imamu wa Oman, Seif bin Sultan, waliparamia kuta za Ngome ya Yesu mjini Mombasa wakaingia. Ndani walimkuta kamanda wa Kireno na watu wasiozidi kumi na wawili. Siku chache baadaye merikebu za msaada kutoka Goa, makao makuu ya Wareno nchini India, zilitokea mlangoni mwa bandari. Mabaharia wakaiona bendera nyekundu ya Oman ikipepea juu ya ngome, wakageuza. Hivyo ndivyo Wareno walivyong'olewa katika pwani yote iliyo kaskazini ya Rasi Delgado, walikokuwa wakitoza kodi na kudai utii tangu mwanzoni mwa karne ya 16.

Orodha nyingi za matukio makubwa ya mwaka huo hazimtaji Seif bin Sultan wala Mombasa. Humtaja Tsar Peter wa Urusi, aliyekuwa Uingereza kujifunza uundaji wa merikebu, na Thomas Savery, aliyepewa hataza ya pampu yake ya mvuke mwezi Julai. Huo ndio mwaka ambao Bunge la Uingereza lilivunja ukiritimba wa Kampuni ya Kifalme ya Afrika, na kumruhusu kila mfanyabiashara wa Kiingereza kushiriki biashara ya Afrika, ikiwemo ya watumwa, mradi alipe ushuru wa asilimia 10. Sheria hiyo iliugusa upande wa Atlantiki wa bara letu kwa ukatili usiosemeka. Kwa pwani ya Waswahili, hata hivyo, mwaka 1698 maana yake ni ngome ile, na mjadala juu yake haujaisha: je, mji ulikombolewa, au ulibadilishiwa bwana tu?

Wanaoshikilia neno ukombozi wana hoja nzito. Wareno waliiteketeza Mombasa zaidi ya mara moja katika karne ya 16 kabla ya kuanza kujenga ngome yao mwaka 1593. Katika karne ya 17 walizidi kujiingiza katika mambo ya ndani ya miji: walitia na kuondoa wafalme, walipangia vyombo njia za kupita, na walikusanya ushuru uliowanufaisha makapteni kuliko hata taji la Lisbon. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, mfalme wa Mombasa aliyelelewa Goa na kubatizwa kwa jina la Jerónimo, aliasi, akamuua kapteni na kuiteka ngome. Mwaka 1687 mfalme wa Pate alikamatwa pamoja na wazee wake, akapelekwa Goa, na huko akauawa. Watu walioonja hayo hawakuhitaji kushawishiwa na yeyote waone kwamba Mreno ni adui.

Isitoshe, Waomani hawakujileta tu. Walipomfukuza Mreno Muscat, bandari ya Oman, mwaka 1650, habari zilienea pwani nzima, na wajumbe wa miji ya Waswahili wakavuka bahari kwenda kuomba msaada. Kwa mtazamo huu, 1698 ni mwisho wa juhudi za karibu nusu karne zilizoanzishwa na watu wa pwani wenyewe. Nitaongeza jambo ambalo mara nyingi husahauliwa: nguvu ya Mreno ilikuwa inamomonyolewa pia kutoka bara. Kati ya mwaka 1693 na 1695 Changamire Dombo, mtawala wa Warozvi, alimfukuza kutoka uwanda wa juu wa Zimbabwe, kwenye masoko ya dhahabu. Goa ilipotakiwa kuisaidia Mombasa, ilikuwa tayari na majeraha Zambezi.

Upande wa pili nao hauna hoja nyepesi. Wanaosema mji ulibadilishiwa bwana huuliza swali moja rahisi: siku ya pili baada ya ushindi, nani alikalia ngome? Haikuwa familia yoyote ya Mvita, yaani Mombasa. Alikuwa liwali na kikosi kutoka Oman, na mizinga ikabaki imeelekezwa palepale ilipokuwa. Seif bin Sultan alikuwa mtawala mwenye merikebu nyingi, aliyepanda mitende kwa maelfu na kutengeneza mifereji ya maji kwao, na kazi hiyo ilihitaji mikono. Biashara ya watumwa kutoka Afrika Mashariki ilikuwapo kabla yake, na upanuzi wake mkubwa ulikuja baadaye, katika karne ya 18 na ya 19, tena kwa kuchochewa pia na Wafaransa wa visiwa vya Bahari ya Hindi. Hata hivyo, uhusiano wa kiutawala uliozaliwa mwaka 1698 ulikuja kuwa mojawapo ya njia zilizopitiwa na biashara hiyo, na si haki kuusimulia ushindi huo bila kulitaja jambo hili.

Mimi naona pande zote mbili zina kasoro moja: zinaitazama vita hii kama ugomvi wa Mreno na Mwomani, na Waswahili wanakuwa watazamaji. Methali ya fahali wawili wapiganapo ndiyo hutumiwa hapa, na nyasi ni sisi. Lakini ukiisoma habari ya mzingiro wenyewe, nyasi huzioni. Unawaona watu.

Mzingiro ulipoanza Machi 1696, Wareno ndani ya ngome walikuwa wachache mno. Walio wengi walikuwa watu wa pwani, mamia kwa mamia, waliokimbilia ndani pamoja na wake na watoto wao. Chakula kikapungua, maradhi yakaingia, na makapteni wakafa mmoja baada ya mwingine. Mwishoni mwa Agosti 1697, alipokufa kamanda wa Kireno António Mogo de Melo, ulinzi ulibaki mikononi mwa Sheikh Daud wa Faza. Kwa hesabu iliyotufikia, alikuwa na jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8 na wanawake Waafrika 50. Hao ndio walioilinda ngome kubwa kuliko zote katika pwani hii hadi merikebu za msaada zilipofika Septemba. Mwislamu kutoka kisiwa cha Pate, pamoja na wanawake ambao hakuna aliyeandika majina yao, wakizunguka juu ya kuta za matumbawe usiku na mchana, wakiilinda ngome yenye jina la Yesu dhidi ya jeshi la Imamu.

Kwa nini? Miji ya Faza na Pate, yote ya kisiwa hicho cha Pate, ilikuwa mahasimu wa muda mrefu, na Pate ilipoelekea Oman, Faza ilielekea Goa. Unguja nako Mwana Mwema Fatuma, malkia wa kisiwa, aliwapelekea waliozingirwa chakula kwa vyombo vyake. Baada ya ushindi wa Waomani alihamishiwa Oman na kukaa huko miaka kadhaa. Ukiwaita watu hawa vibaraka umejifungia mlango wa kuwaelewa. Kila mji ulikuwa na jirani uliyemwogopa kuliko mgeni, na mgeni alikuwa silaha ya kumzuia jirani huyo. Kuwaita wote waliokuwa upande wa Oman wapigania uhuru ni kosa la namna ileile, kwa sababu Pate nayo ilikuwa na hesabu zake.

Ndiyo maana neno ukombozi nalikubali kwa sharti. Linafaa kwa mji uliomwona mfalme wake akichukuliwa kwenda kufia Goa. Halifai kwa Faza, wala kwa Unguja ya Mwana Mwema. Nalo neno kubadilishiwa bwana linanipa taabu kubwa zaidi, kwa kuwa linachukulia kwamba tangu siku ya kwanza Oman ilikuwa na utawala kamili pwani, jambo lisilo kweli. Kwa zaidi ya karne moja baada ya 1698 Muscat ilikuwa na kauli ndogo sana Mombasa. Wamazrui, waliotumwa kuwa maliwali, walijitawala kwa kushirikiana na masheikh wa Thenashara Taifa, yaani makabila kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, na ilibidi Seyyid Said, mtawala wa Oman, apigane nao kwa miaka mingi hadi alipoutwaa mji mwaka 1837. Anayeukasirikia utawala wa masultani wa karne ya 19 ana sababu zake, lakini asiubebeshe mwaka 1698 mzigo wote huo.

Ngome yenyewe imehifadhi hoja hizi kwa namna yake. Katika makumbusho iliyomo ndani vimewekwa vitu vilivyoopolewa baharini mwishoni mwa miaka ya 1970 kutoka kwenye mabaki ya Santo António de Tanná, merikebu ya Kireno iliyokuja kuisaidia ngome mwaka 1697 ikazama chini ya kuta zake. Waswahili waliyaita majengo ya namna hii gereza, neno walilolitoa kwenye neno la Kireno la kanisa, na Waingereza walipoifanya ngome kuwa jela mwaka 1895, jina hilo likawa na maana tunayoijua leo. Juu ya watu wa Sheikh Daud hakuna chombo wala mfupa ninaoweza kuuonyesha.

Kipimo bora cha mwaka 1698, kwa maoni yangu, kilikuja miaka 30 baadaye. Oman ilikuwa imetumbukia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na askari wake waliokuwa Mombasa wakagombana wao kwa wao. Pate, mji uleule uliokuwa mstari wa mbele kumpinga Mreno, ndio ulioshirikiana naye kurudi, na mwaka 1728 bendera ya Ureno ikapandishwa tena juu ya ngome. Haikudumu. Mwaka 1729 watu wa Mombasa waliinuka wenyewe, bila merikebu hata moja ya Imamu, wakawazingira Wareno hadi wakasalimu amri na kuondoka. Mji ulikuwa mikononi mwao, na ngome pia. Wakakaa wakashauriana, kisha wakachagua wajumbe, wakawapakia chomboni kwenda Muscat kumwomba Imamu awaletee liwali.